Kaa wa Gando Moja

Hapo kale, wasimulia wazee wa baraza za Shika Adabu, palikuwa na milki ya kaa ndani ya mikoko ya Mtongwe, na kila kaa alikuwa na gando moja kubwa, ama la kulia ama la kushoto. Mchana walipita wakigonga mizizi na kugongana wenyewe, nguvu zao zikaishia kuwa joto la bure. Lakini usiku wa baridi kuu walishikana wawili wawili, wakateleza topeni bila kuzuiwa na mzizi wowote. Yasemekana zebaki ya mji wa mbali wa Leiden ilifanya vivyo hivyo mwaka 1911.

Wakuu wa milki walipoiona neema hiyo, hawakukawia kuitungia sheria. Jozi, walisema, ni za aina mbili zisizochanganyika: ya magando yanayopingana, ambayo upepo mkali huitengua kwa kuyavuta yote upande mmoja, na ya magando yanayolingana, isiyoujali upepo. Mwaka 1984 wakaongeza kifungu kwamba jozi ya pili haifungwi ila katika nchi ambayo kila shimo lina mwenzake ng'ambo ya kitovu, kwa umbali ule ule.

Mwaka 2004 zikaja habari za nchi ya mteremko, walikokaa Seriamu, Platini na Silikoni, isiyo na kitovu cha kulinganishia chochote. Huko mteremko ulimlazimisha kila kaa aelekeze gando kwa kufuata njia aliyoshika, hata jozi moja ikabeba asili ya aina zote mbili. Na joto liliposhuka chini ya kelvin moja, waliteleza katika upepo uliovuka kiwango cha sheria.

Wakuu wakatuma wakaguzi na kamba za kupimia. Mwenye shimo lisilo na mwenzake aliamriwa alifukie, upepo ukaandikiwa barua ya onyo, na mkaguzi mkuu akapiga muhuri daftarini: nchi hii haina jozi.

Wino haujakauka, pepo za kusi zikavuma. Jozi za wakaguzi, zilizofungwa kwa kufuata vifungu vyote, zikatenguka moja baada ya nyingine, wakabaki wakigaagaa topeni, daftari kichwani, mpaka wenyeji walipowabeba na kuwavusha. Walipofika ng'ambo, mkaguzi mkuu aliwashukuru kwa adabu, kisha akakataa kutia sahihi hati ya nauli, kwani haifai hazina ya milki kuwalipa wavushaji ambao, kwa mujibu wa daftari, hawapo.