Shangazi wa Faiba Ajibu Barua za Kiandutu

Wiki hii mfuko wa barua wa Shangazi wa Faiba umejaa manung'uniko kutoka Kiandutu, Makongeni na Ruiru, Kenya. Kilio ni kimoja: pesa imelipwa, kasi haijafika.

Wa kwanza ni kinyozi mwenye kibanda pembeni mwa barabara ya Garissa. Amelipia megabiti 15 kwa sekunde, lakini akipakua filamu kompyuta inamwonyesha 1.8. "Hizo kumi na tatu zingine zimeenda wapi?" anauliza, huku akiapa kwenda kukata waya pale kwenye nguzo. Shangazi anamsihi aweke mkasi chini. Kampuni huuza kasi kwa biti, kompyuta huhesabu mafaili kwa baiti, na baiti moja ina biti nane. Kumi na tano gawanya kwa nane ni 1.875. Kinyozi anapata haki yake karibu yote. Anayestahili kumwomba radhi ni wakala aliyemuuzia bila kumweleza.

Barua ndefu kuliko zote imetoka kwa mama muuza mboga, mkazi wa vyumba viwili vya mabati katikati ya Kiandutu. Ruta ameificha ndani ya kabati la chuma chini ya televisheni, isije ikaibwa. Sebuleni video zinapita vizuri. Chumba cha nyuma, ambako bintiye anasomea usiku, kiduara kinazunguka mpaka mtoto anasinzia. Kampuni imemwambia laini iko sawa, na sasa mama anataka kujua mwongo ni nani.

Hakuna mwongo, mama. Kampuni inazungumzia faiba, nayo faiba huishia kwenye kile kisanduku cha ukutani. Kutoka kwenye ruta kwenda kwa binti ni waifai, yaani mawimbi ya redio, na chuma huyarudisha mawimbi hayo yalikotoka. Kumtaka mtoto apate mtandao nyuma ya kabati la chuma na ukuta wa bati ni kumtaka asikie redio akiwa ndani ya sufuria iliyofunikwa. Mabati hayawezi kubomolewa kwa sababu ya intaneti, kwa hiyo dawa ni kuitoa ruta kabatini, kuipandisha juu karibu na mlango wa katikati, na ikibidi kuvuta waya wa LAN hadi chumba cha nyuma.

Halafu kuna majirani. Waifai ya gigahezi 2.4 ina chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na ploti moja ya Kiandutu inaweza kuwa na ruta nyingi kuliko hizo. Zote hupokezana kusema. Gigahezi 5 ina nafasi kubwa zaidi na kasi zaidi, ila huchoka mapema ikikutana na ukuta.

Shangazi hatamjibu tena mtu yeyote ambaye hajapima kwa waya. Kompyuta ichomekwe kwenye ruta, waifai izimwe, simu za watoto zitoke mtandaoni, kisha kasi ipimwe. Kipimo kikikaribia kile kilicholipiwa, ugomvi uko ndani ya nyumba. Kijana mmoja wa Ruiru aliyelipia megabiti 500 alifanya hivyo akapata 94, akaanza kutukana. Waya wake ndio uliokuwa na kasoro. Gigabiti huhitaji jozi zote nne za nyuzi zilizo ndani ya waya wa LAN, na jozi moja ikikatika mitambo hukubaliana kushuka hadi 100.

Landilodi wa Ruiru naye analalamika kwamba kampuni "inambania" kuanzia saa mbili usiku. Mwishoni mwa barua, kwa mwandiko mdogo, anakiri kwamba laini hiyo ya megabiti 30 amewauzia wapangaji kumi na wawili. Kila mmoja akifungua filamu, anabaki na megabiti mbili na nusu. Shangazi amemaliza na huyo.

Lakini kampuni nazo zisishangilie. Mtambo wa GPON, unaotumika sana kwa faiba za nyumbani, hupeleka takriban gigabiti 2.5 kwenye uzi mmoja unaogawanywa kwa nyumba 32, au hata 64. Zote 64 zikivuta kwa pamoja, kila moja bado inapata karibu megabiti 39. Basi mteja wa megabiti 15 akipima kwa waya saa nne usiku akapata tatu, na saa tisa usiku akapata zote, kuna uwezekano mkubwa kwamba msongamano uko mbele zaidi, kwenye njia ambazo kampuni imezinunua kwa ubahili. Neno "hadi" lililo kwenye tangazo halipaswi kuficha hilo. Aandike vipimo na saa zake, achukue namba ya malalamiko, na akipuuzwa aende Mamlaka ya Mawasiliano.

Mwenye taa nyekundu ya LOS kwenye kisanduku cha faiba aache kuzima na kuwasha. Taa hiyo ina maana mwanga haufiki. Aangalie kama uzi umekunjwa kwenye kona ya dirisha au umeanikiwa nguo, kwa maana uzi huo ni wa kioo, na ukipindwa sana huvujisha mwanga. Kisha amwite fundi.

Kijana wa michezo ya mtandaoni anasema vipimo vyake ni vizuri ila anauawa kabla hajafyatua. Kipimo chake kinafika Nairobi tu, ilhali seva ya mchezo iko Ulaya, na kwenda na kurudi huko huzidi milisekunde 100 hata siku njema. Siku mbaya ni kama Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini kaskazini mwa Durban, na Kenya, Tanzania na Uganda zikakwama. Siku hiyo hakuna ruta ya Kiandutu iliyokuwa na hatia.

Wa mwisho anauliza afanyeje, kwani mtandao wake ulikuwa mzuri kwa miezi mingi hadi jirani alipobadilisha paswadi. Anunue wake.