Kongole kwa Usambamba

Wa kusifu pilau ni wengi. Usambamba wa sentensi za Kiingereza hauna mtu. Waliokesha na vitabu vya mtihani wa GMAT wanautukana, walimu wa tuisheni walitajirika nao kimyakimya, na hakuna aliyewahi kuusomea hata risala. Basi leo zamu yangu.

Sheria yenyewe ni ya adabu tu: yanayoorodheshwa pamoja yavae sare moja. Ukiandika “She likes swimming, cooking and to read”, umemleta mmoja arusini na kandambili. Anapaswa kuja kama “reading”. Kwetu kuogelea, kupika na kusoma zote huanza na ku-, wala hakuna pa kuteleza. Kiingereza, kwa ukarimu wake, kimetoa maumbo mawili kwa kazi hiyo moja, kisha kikatungiwa mtihani wa kumnasa atakayeyachanganya.

Na haubagui. Aliyezaliwa na Kiingereza hufuata sikio, na sikio lake limezoea mazungumzo, ambako “either in Nairobi or Mombasa” hupita bila kuulizwa kitu. Kwenye mtihani iliulizwa. “In” ikija baada ya “either”, na baada ya “or” ije nyingine. La sivyo itangulie mbele, ihudumie miji yote miwili: “in either Nairobi or Mombasa”. Ni elimu gani nyingine inayomtoa jasho mtu mzima, mwenye watoto na mkopo wa benki, kwa ajili ya herufi mbili?

Tena mtihani wenyewe ni wa kuombea nafasi ya shahada ya uzamili ya biashara. Aliyetaka kusimamia kiwanda cha saruji ilimbidi kwanza athibitishe kwamba “not only” haikuachana na “but also” yake. Siku wafanyakazi wakigoma, angejua pa kuanzia.

Maswali ya lugha yalikuwa 36 kwa dakika 65, na yale ya kusahihisha sentensi, anamotawala usambamba, yalikaribia theluthi. Kila moja lilikuwa na machaguo matano, na la kwanza lilirudia sentensi vilevile ilivyo, ili hata mwoga apate pa kujiegesha.

Lakini sifa yake kuu ni uchokozi. Tazama: “The flood destroyed the bridge, cutting off the village and delaying the harvest.” Mwanafunzi aliyekwisha kunogewa na somo anakimbilia chaguo lenye “destroyed, cut off and delayed”. Vitenzi vimepangika, raha tupu. Ila sasa mafuriko yanafanya mambo matatu, kila moja kivyake, na kijiji kingeweza kukatika hata daraja likiwa limesimama wima. “Cutting” ndiyo iliyobeba sababu: daraja lilivunjika, ndipo kijiji kikatengwa na mavuno yakachelewa. Sentensi haikuwa na kosa. Usambamba umekufunza utii miezi mitatu, halafu unakunyima alama kwa kutii. Nawafahamu wakuu wa idara ambao wangelipa pesa nyingi kujifunza mbinu hiyo.

Mambo mazuri hayadumu. Novemba 2023 ilitoka GMAT mpya isiyo na maswali ya kusahihisha sentensi, na ile ya zamani ikafungwa mwisho wa Januari 2024. Sehemu ya lugha imebakiwa na ufahamu na uchambuzi wa hoja. Kijana aliyejifunza kuinasa “either” kwa jicho moja, bila kujali sentensi inazungumzia nini, sasa anatakiwa asome aya nzima na kuielewa. Na wanasema mtihani umerahisishwa.