Pengwini wa Ikweta

Huku kwetu Lumakanda ndege wa maana ni jogoo. Waliobaki ni wezi wa mahindi. Ndiyo maana nilipotangaza mezani kwamba nakwenda Mfangano, kisiwa cha ziwani, kumwona dada yangu, na kwamba shemeji ameahidi kunitembeza kisiwa cha ndege, hakuna aliyeacha kutafuna ila mtoto wa kaka yangu, aliye Gredi ya Sita.

"Baba mdogo, utatuletea picha ya pengwini?"

Nikamweleza kwamba pengwini hukaa kwenye barafu. Akainuka, akarudi na kitabu. Kumbe wako pengwini wa visiwa vya Galápagos, kule Ekwado, wanaoishi papo hapo kwenye ikweta. "Na ziwa letu si liko ikweta?" akauliza, kisha akakifunga kitabu kama hakimu aliyemaliza kesi.

Ukweni hakuendwi mikono mitupu. Nilibeba mahindi nusu gunia na jogoo mwekundu ndani ya kikapu. Matatu ya Kisumu ilitupokea sote. Kondakta alimtoza jogoo nauli, naye jogoo akailipa kwa kinyesi palepale, juu ya viatu vya mama mmoja aliyekuwa amevalia arusi. Kuanzia Kakamega hadi Kisumu niliomba radhi. Feri ya kutoka Luanda Kotieno kwenda Mbita ilipita salama, basi sitaisema.

Taabu ilianzia pale Mbita, kwenye mashua ya Mfangano. Mashua haikugusa nchi kavu. Ilisimama majini, na vijana walikuwa wakiwabeba abiria mgongoni ili wasilowe. Aliyenijia mimi alikuwa mwembamba kiasi kwamba nilitamani nimbebe yeye.

"Panda, mzee. Wewe mia, mahindi hamsini."

"Na jogoo?"

"Huyo mshike mwenyewe."

Nikapanda. Hatua chache tu, jogoo akachomoa kichwa kikapuni, akaona maji pande zote, akaamua kuhamia mahali pa juu zaidi. Mahali hapo palikuwa utosi wa kijana. Kijana akapiga kelele, mimi nikamkaba shingo, na tukashuka wote majini polepole, kwa heshima. Maji yenyewe yalifika magotini. Abiria wakasema "Pole, mzee" huku wameficha nyuso zao kwenye leso. Jogoo peke yake ndiye aliyefika mashuani mkavu: aliruka hadi omoni, akasimama hapo na kuwika mpaka tulipotia nanga Sena, huko Mfangano. Dada yangu alitutambua kwa sauti yake.

Jioni, mahindi yakiwa yameanikwa juu ya turubai, shemeji alinipa historia. Yeye ni Msuba. Wazee wake walivuka ziwa kwa mitumbwi katika karne ya 18, wakikimbia vurugu za kugombea ufalme Buganda, na leo wajukuu wao wengi huzungumza Kijaluo. Waliwakuta wengine wamewatangulia: kwenye mwamba wa Mawanga ipo michoro ya miduara, myekundu na myeupe, ambayo wanaakiolojia huihusisha na wawindaji wa Kitwa.

Nami nikampa ya kwetu. Lumakanda ilikuwa sehemu ya mashamba ya walowezi Wazungu. Mpango wa Ekari Milioni ulipoanza mwaka 1962, mashamba ya namna hiyo yakakatwa kuwa skimu, na familia za Kiluhya zikahamia kutoka sehemu zilizobanana, kila moja na ploti yake na deni la serikali.

Shemeji akafikiri kidogo. "Kwa hiyo sisi tulikuja kwa mtumbwi, nyinyi mkaja kwa mkopo."

Sijapata jibu hadi leo.

Asubuhi tukaenda Mbasa, kile kisiwa cha ndege. Kisiwa hicho hunuka kabla hakijaonekana. Omena waliosahauliwa juani ni manukato ukiwalinganisha. Miti imepakwa chokaa ya kinyesi toka kilele hadi shina, na kwenye kila tawi wamekaa minandi, mabawa wazi, kana kwamba wanapimwa suti. Shemeji akasema manyoya yao hufyonza maji. Hilo huwarahisishia kupiga mbizi, lakini wakitoka lazima wajianike kwanza. Furukombe alipita juu yetu akilia, yangeyange wakasogea, minandi hawakujali.

Ndipo nikamwona. Juu ya jiwe, wima, mgongo mweusi, kifua cheupe pepepe, ameinua mdomo kwa majivuno. Nikatoa simu haraka.

"Huyo ni mnandi mkubwa," shemeji akasema. "Ndiye anayenimalizia samaki."

"Kwa leo ni pengwini," nikamjibu, nikainua uso kutafuta mwingine mtini, mdomo wazi kwa furaha.

Sitaeleza kilichoingia. Nitasema tu kwamba kilikuwa vuguvugu, na kwamba shemeji alikuwa amefungua mwavuli wake zamani, kwenye siku isiyokuwa na wingu hata moja, na mimi nilidhani ni ulimbwende.

Basi nawe ukienda Mbasa, vaa kofia ya ukingo mpana. Na ukitaka kusema "lo!", inamisha kichwa kwanza.