Ghala Moja, Panya Wengi

Wako wanaotaka wenye majina ya vikoa wote waandikwe kwenye daftari moja kuu. Hoja yao tamu: tapeli akifungua tovuti, tumjue papo hapo. Haya. Ila ni tapeli gani huyo anayejaza fomu kwa jina alilopewa na mama yake?

Daftari tulishakuwa nalo. WHOIS ilikaa wazi kama kibaraza: jina, anwani ya nyumbani, barua pepe, namba ya simu. Unasajili kikoa asubuhi, jioni simu inaita: “Bosi, tukutengenezee tovuti?” Waaminifu waliandika ukweli wakavuna kero, wajanja wakajiandika Mickey Mouse wakalala usingizi mnono.

Mei 2018 sheria ya Ulaya ya faragha, GDPR, ikashusha pazia. Penye jina la mwenye kikoa sasa mara nyingi unasoma tu kwamba limefichwa. Wapelelezi wakalia, mawakili wa nembo wakalia zaidi.

Tena kwa .com, Verisign, mtunza daftari kuu, hukwambia nani aliuza jina, lini lilisajiliwa, lini litakwisha. Mwenyewe ni nani? Kamuulize muuzaji. ICANN, shirika linalosimamia majina ya vikoa, ilitaka taarifa zote zihamie kwa mtunza daftari. Mpango ukaahirishwa, ukaahirishwa tena.

Basi jengeni ghala lenu moja, wakubwa. Panya atawashukuru: nafaka ikikaa pamoja, humpunguzia safari.