Maporomoko ya Cheyo: Mwongozo wa Matembezi ya Familia

Kwanza, wahakikishie watoto kwamba maporomoko ya maji yapo. Usiseme yako wapi. Tabora imelala juu ya uwanda wa mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, tambarare kama mkeka, na maji hayawezi kuporomoka pasipo na mahali pa kuporomokea. Mwenye shida ya kweli na aende Kalambo, Rukwa, mpakani na Zambia, ambako maji huanguka zaidi ya mita 200. Sisi wa Cheyo, hapa Tabora, tutakwenda Kwihara. Mto wa maana hakuna, ila na nauli hakuna.

Tangaza kwamba mnaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Maana yake saa tatu, shangazi akishamaliza kusuka.

Kila mtu abebe mzigo wake: maji, karanga, matobolwa, kanga ya kukalia. Atakayenung'unika mkumbushe kwamba babu zake walikuwa wapagazi, kilo thelathini na ushee begani kutoka hapa Unyanyembe hadi Bagamoyo, safari ya miezi kama mitatu, na hakuna aliyesimama kupiga picha. Mtoto atakusikiliza kwa adabu zote, kisha atakukabidhi begi lake. Siku hizi upagazi unarithiwa kwenda juu.

Njia yenyewe ni kilomita sita hivi, lakini ukiuliza utaambiwa "hapo tu". Usiulize mara ya pili. Pumzikeni chini ya miembe, ile mikubwa ambayo wenyeji husema ilitokana na kokwa za watu wa misafara. Kisha pumzikeni chini ya mwembe unaofuata.

Mwezi wa tisa ndio mzuri. Miombo huchipua majani mekundu, laini, yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, kabla mvua haijadondosha hata tone. Mkiwa mnayashangaa mtasikia mvumo juu ya vichwa vyenu. Watoto watashangilia kwamba ni maporomoko. Siyo. Ni mzinga wa gome uliofungwa tawini, na wenyewe wapo ndani. Hapo ndipo mtakapogundua kwamba bibi, aliyekuwa akililalamikia goti lake tangu Cheyo, mbio anazijua.

Mkifika Kwihara, waingize watoto kwenye tembe haraka kabla hawajauliza. Hapa ndipo Livingstone alipokaa na Stanley mwaka 1872. Stanley akaondoka Machi kwenda pwani. Mzee akabaki hadi Agosti akisubiri wapagazi. Na huyu ndiye aliyepelekwa Mosi-oa-Tunya mwaka 1855, akayapa maporomoko yale jina la malkia wake kana kwamba hayakuwa na jina. Kama mtu wa tabia hiyo alikaa Kwihara zaidi ya miezi mitano bila kupata maporomoko hata ya kubatiza, familia yenye Jumapili moja ijisumbue ya nini?

Kurudi, msitembee. Lakini vijana wa bodaboda wanamtambua kwa mbali baba aliyebeba mabegi manne, na bei hupanda kwa kila begi. Mtumeni bibi. Atawasalimia kwa Kinyamwezi, atauliza huyu ni mtoto wa nani na yule ametokea kijiji gani, na undugu ukishapatikana (haukosekani) watazungumza kama watu. Baba abaki nyuma ya mwembe na mabegi yake mpaka aitwe.