Chuma Hakikerezwi kwa Bando

Mpwa wangu yuko sekondari, na hapa kwetu Kafutuma, Zambia, anajifunza kukereza chuma kwa simu. Simu ni yangu, bando ni langu, na nikiguna naambiwa ninakwamisha maendeleo.

Juzi somo lilikuwa mashine ya kukereza. Mtandao hushika vizuri kule wanakoanika vidagaa vya chisense, basi kijana akasimama huko, simu juu, nzi wakimzonga. Mwalimu kwenye kioo akafunga kipande cha chuma, akawasha mashine, kisu kikasogea, kinakaribia kugusa, picha ikaganda! Mdomo wazi, mkono hewani. Bando peke yake ndilo halikuganda.

Usiku akanikariria sheria: mbele ya mashine inayozunguka usivae glavu, usiache mikono ya shati ikining'inia, nywele zifungwe. Nikasema, "Vizuri, baba, sasa kaza bawaba ya mlango huo." Akageuza bisibisi mara mbili, akaniangalia.

"Mjomba, skrubu inakazwa kulia au kushoto?"

Na mtihani amefaulu! Ulikuwa wa kuchagua jibu.

Mtoto simlaumu. Mtaala wa Zambia wa mwaka 2013 uliwapa wanafunzi wa sekondari njia ya ufundi. Njia tumeiona, karakana ndiyo hatujaiona. Umeme nao, tangu ukame wa 2024 uliposhusha maji ya bwawa la Kariba, tumejifunza kutouamini. Wenzetu Tanzania, mamlaka ya mafunzo ya ufundi VETA na kampuni ya simu Airtel walipoleta programu ya VSOMO mwaka 2016, waliijua mipaka ya simu: nadharia unaisoma kiganjani, kisha unakwenda chuoni kushika vifaa. Huku kwetu wamechukua nusu ya kwanza, wakaona yatosha.

Kinachoniudhi zaidi, mafundi wa mitumbwi wapo hapo ufukweni, wanaranda mbao na kuziba nyufa. Desemba hadi Februari, uvuvi unapofungwa, mitumbwi imejaa nchi kavu ikingoja matengenezo. Nani amewauliza kama wanaweza kupokea vijana wawili watatu? Hawana cheti, kwa hiyo hawaonekani mtandaoni.

Wakubwa wakituletea mashine, walete na jenereta. Wakileta jenereta, walete na dizeli. La sivyo najua kitakachofuata: mpwa wangu atafundishwa kusafisha mafuta ghafi, kwa bando langu.