Barua ya Wazi kwa Waziri wa Katiba na Sheria

Mheshimiwa Waziri,
Dodoma.

YAH: OMBI LA KUWAHAMISHIA WATOTO BODI YA MIKOPO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Akina mama wanaolea peke yao wamegundua jambo. Mhitimu wa chuo akiajiriwa, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu humega asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi, kabla hajaugusa. Hakuna ofisa wa Bodi anayemgongea mlango alfajiri akiwa na mtoto mgongoni. Wanaomba, basi, kila mtoto anapozaliwa asajiliwe kama mkopo wa baba yake.

Sheria mpya hawaitaki. Ile ya Mtoto ya mwaka 2009 inawatosha, maana wanakumbuka ilikotoka: sheria iliyoitangulia, Sura ya 278, ilimruhusu hakimu kumwamuru baba wa mtoto wa nje ya ndoa atoe kisichozidi shilingi 100 kwa mwezi. Kiwango hicho kilidumu kitabuni hadi karne hii, soda ikiwa imeshakipita zamani. Sasa hakimu anatakiwa kupima kipato cha wazazi wote wawili na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Hukumu hutoka safi, ina mhuri.

Kasheshe ni kumpata baba. Mama anaanzia Ustawi wa Jamii, anapewa barua ya wito, kisha anaibeba mwenyewe mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa. Baba kahama. Laini kabadilisha. Akipatikana, mtoto si wake, na safari inageukia kwa Mkemia Mkuu kupima vinasaba. Hukumu ikishatoka na miezi ikapita bila senti, ni mama huyo huyo anayerudi kuomba mshahara ukamatwe. Akitaka mdaiwa afungwe, anakutana na Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, iliyochotwa kutoka India, yenye kanuni kwamba mdai aweke kwanza mahakamani fedha za kumlisha mfungwa. Aliyekosa hela ya uji wa mtoto aanze kumpikia baba mtu!

Aprili 2018, Paul Makonda, wakati huo Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, aliwaita ofisini kwake wanawake waliotelekezewa watoto. Walifurika kwa maelfu. Mkutano wa namna hiyo unafaa kwa kamera; matunzo ni ya kila mwezi.

Mheshimiwa atajibu kwamba wengi wa akina baba hao hawana ajira rasmi. Ni kweli. Lakini mwishoni mwa mwaka huo huo Serikali ilimfikia hadi muuza karanga na kitambulisho cha mjasiriamali cha shilingi 20,000, na hakuna aliyesikika akisema wauza karanga hawajulikani wanakoishi. Tena aliyekopa kwa simu kupitia Songesha anajua: akitumiwa hela kwenye simu, deni limeshakatwa kabla hajamaliza kusoma ujumbe.

Waombaji wanataka mtambo huo huo. Riba na faini wako tayari kusamehe.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwandishi, kwa niaba ya waombaji.

Nakala:
Bodi ya Mikopo – kwa utekelezaji.
Mwenyekiti wa Mtaa – ambandikie baba mlangoni, akibahatika kuujua mlango.